Waheshimiwa Waliojaa Muthokoi

Nani kati yenu amewahi kukaa chumba kimoja na wanasiasa mia na themanini, na wote matumbo imejaa mahindi?

Hakuna? Basi weka simu chini, na wewe wa huko nyuma pia, niwaambie. Nasikia mnaanza kikundi chenu, mnataka kuuza vitu vya mashambani hapa mjini, na mmeitwa semina. Mimi semina nimekalia mpaka nikajua ladha ya kila soda. Lakini kazi niliifunzwa na kinu.

Nimeuza muthokoi hapa Sarang'ombe, Kibera, mpaka magoti ikakataa. Muthokoi ni mahindi imevuliwa koti, hakuna siri ingine. Unatoa ile ngozi ya juu, punje inabaki nyeupe, unachemsha na maharagwe ama mbaazi, na Mkamba yeyote wa Kawangware akisikia harufu atakuja Kibera kwa miguu akisema alikuwa anapita tu. Shule niliachia darasa la pili. Mbuzi ziliongezeka, masomo ikapungua. Lakini mahindi naisoma. Naweka punje moja kwa meno, nauma. Ikilia *ka!* imekauka sawa. Ikinyamaza, hiyo ina maji ndani, itaoza na itaozesha wenzake. Watu wako hivyo pia, lakini leo sikuja kusengenya.

Hiyo biashara haikuwa yangu, msije mkasema mimi shosho, nyanya yenu, nilificha mali. Ilikuwa ya akina mama ishirini na sita huko kwetu Kitui, pande ile kavu, mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuhakikisha kama ni yeye kweli. Sisi Wakamba tuna kitu inaitwa mwethya. Leo tunalima kwangu sote, kesho kwa jirani, hakuna mshahara, na asiyekuja analeta kuku. Sasa hawa mama wakasema, badala ya mwethya ya kulima peke yake, tufanye mwethya ya kutwanga. Wao watatwanga huko, mimi niko mjini niuze, faida ni ya wote. Hakuna mdosi wa kutuamuru. Kulikuwa tu na Kaluki.

Kaluki alikuwa mwenyekiti wetu, na ndiye alinishikisha mchi kabla sijatoka nyumbani kuja huku. Siku ya kwanza nilitwanga kama mtu anaua nyoka. Nikatoa unga. Akachungulia kwa kinu, akaniangalia.

"Mama Mwende, hii mahindi ilikukosea nini?"

"Si nilisikia natakiwa nitoe ngozi?"

"Ngozi, mwanangu. Si roho."

Akanionyesha. Maji unanyunyiza kidogo, kama ubatizo wa Katoliki, si ile ya kuzamishana mtoni. Mchi unaanguka wenyewe, kazi yako ni kuuinua tu. Halafu unapepeta kwa ungo, unaanika, unauma moja. Miaka yote hiyo sijaona mtu wa digrii akiongeza neno hapo.

Walijaribu, lakini. Wafadhili walituletea mashini! Woi. Ilikuja na gari mbili, moja ya mashini na moja ya bango, na bango ndio ilikuwa kubwa. Ilikuwa imeandikwa majina ya wote waliotusaidia, na jina la kikundi chetu huko chini, pale mbuzi hukunia mgongo. Wakawasha. Ikalia kama ng'ombe amekanyagwa, ikameza debe nzima ya mahindi na ikatema vumbi. Mgeni mmoja akapiga makofi, akasema, "Kumbe ni haraka hivi!" Kaluki akamwambia, "Ndio. Hata moto ni haraka." Wakaenda. Mwezi uliofuata kuku wa Kaluki akaangulia vifaranga ndani ya ile mashini, kumi na moja, hakuna hata moja ilikufa. Kwa ripoti yao nasikia waliandika mradi umezaa matunda. Hawakudanganya sana.

Baadaye ndio akaja kijana mmoja wa semina, kiatu imechongoka kama kalamu. Yeye wimbo wake ulikuwa mmoja: pakejing. "Akina mama, mnunuzi anakula kwa macho!"

Nikainua mkono. "Na meno Mungu aliweka za nini?"

Akacheka vizuri, akaandika kwa karatasi kubwa *macho*, akaipiga mstari mara mbili. Akasema hakuna mtu wa mjini anataka kupimiwa na mkebe kutoka kwa gunia. Tufunge kilo mbili mbili, kwa mfuko safi, yenye rangi, yenye picha. Mfuko wenyewe pesa yake itoke wapi, hiyo ilikuwa ya semina ingine.

Sasa shikeni hapo, kwa sababu kosa letu lilizaliwa hapo.

Ilikuwa mwaka wa kura, ule wa elfu mbili na saba. Mnajua vile kampeni huwa. Ndege inashuka uwanjani, vumbi inapanda, mheshimiwa anasema mmepata shida sana, kama yeye si mmoja wa shida, halafu watu wanarushiwa leso na fulana. Kaluki hakukosa mkutano hata mmoja. Wa chama hiki, wa chama kile, hata wa yule mtu alikuwa anasimama peke yake na mke wake. Mtu akamuuliza, "Kwani wewe ni wa chama gani?" Akasema, "Mimi sina chama. Mimi nina wajukuu." Wale mama wote walikuwa hivyo. Kila nyumba leso saba, nane, mpya, safi, rangi inawaka, na katikati uso wa mheshimiwa anatabasamu.

Rangi iko. Picha iko. Pakejing!

Wakakata, wakashona. Mfuko wa kilo mbili ni saizi ya uso kamili. Hawakuuliza mtu, na kwani ungeuliza nini? Kitambaa ya bure ni kitambaa.

Mzigo uliingia Kibera kabla ya Krismasi. Nilifungua gunia ya kwanza nikapiga nduru nikidhani ni mtu. Waheshimiwa wamepangana humo, matumbo nje, wanacheka. Na sikuwa na budi, kwa sababu zile gunia kubwa lazima zirudi na lori siku hiyo hiyo, ndio zije na mzigo unaofuata. Nikawapanga kwa chumba changu, ukuta huu mpaka ule. Nikivua nguo nilikuwa nazima taa kwanza.

Na waliuzika! Kabla ya kura ilikuwa ni kicheko. Mtu anakuja, "Sasa shosho, niuzie huyu," nikifikiri anampenda. Kumbe anataka adui. "Niuzie yule mwizi, nikamchemshe na maharagwe masaa matatu." Kila upande walinunua wa upande ule mwingine. Nikapigia Kaluki simu, nikamwambia yule kijana wa pakejing ni nabii.

Sasa niwaambie ile mzigo ilikuwa ya nini. Ilikuwa tangi. Huko kwetu ukitaka maji unashuka mto umekauka, unachimba mchanga mpaka umezama kiuno, unangoja maji itoke na kikombe. Kaluki alianza kuchimba akiwa msichana, na mgongo wake ulikuwa umekunjika ukabaki hivyo, hata akisimama kanisani unadhani anaokota kitu. Kikundi kilikuwa kimepata nyumba ya mabati ya kutwangia, na tulikuwa tumeapa: hii mzigo ya Krismasi ikiisha, tunaweka tangi ya kukinga maji ya hiyo mabati. Kaluki hakutaka kitu kingine hapa duniani. Alikuwa ameshachagua hata pembe itakaa.

Halafu kura ikatangazwa.

Hapo sitawachekesha. Mlikuwa watoto, wengine hamkuwa. Watu waligeukiana kwa kabila, moshi niliona, na kuna majirani hatukuwaona tena mpaka leo. Duka zikafungwa. Unga haiko, maziwa haiko, hata ile sukuma wiki ya kando ya reli haiko. Na mimi niko ndani, mlango nimefunga, na mifuko mia na themanini ya chakula imebaki, na kwa kila mfuko kuna uso wa mtu ambao ungenitoa roho, ikitegemea ni nani amefungua mlango.

Aliyefungua alikuwa Baba Achieng'. Huyu ni jirani, Mjaluo, fundi wa viatu. Kibanda chake kilikuwa kimechomwa jana yake, akabaki na sindano ya viatu na uzi kwa mfuko wa shati. Alikuja kuniuliza kama niko hai. Akaangalia ukuta ule, akaangalia ukuta huu.

"Mama Mwende. Hawa watu wanafanya nini kwako?"

"Wanasubiri kupikwa."

"Utapikwa wewe."

"Nimwage wapi? Gunia zilirudi. Nikimwaga chini, panya na ule mtaro wa maji machafu zitamaliza kabla ya kesho."

Akachukua mfuko mmoja, akaugeuza geuza vile anapima kiatu. Halafu akafumua mshono na ile sindano, akamwaga muthokoi kwa beseni, akageuza mfuko ndani nje, akarudisha mahindi, akashona. Uso ukabaki ndani. "Fundi hajakosa kazi," akasema.

Tulikaa siku mbili mchana kutwa, yeye anafumua na kushona, mimi nageuza na kumwaga. Akafika kwa mtu wake, yule alimpigia kura akiwa amevaa suti ya harusi. Akasita.

"Huyu pia?"

"Wote waingie ndani, Baba Achieng'. Huko hakuna kiti ya mbele."

Akamuingiza, pole pole, kama anamlaza mtoto.

Na kuna kitu tuliona. Leso ya bure ni nyepesi. Ukiigeuza, picha inatokeza nyuma kidogo, kivuli tu: mashavu, meno, paji la uso. Na wote walikuwa wanafanana! Haki ya Mungu. Tuliwapanga tena kwa ukuta na hatukujua nani ni nani. Baba Achieng' alicheka mara ya kwanza tangu kibanda ichomwe. "Tungeona hii mapema," akasema, "si tungelala siku ya kura."

Siku ya tatu mwenye duka mmoja akanusa habari, akaja kwa mlango. Ati anunue yote bei ya juu, auze mara tatu ya hiyo. "Mama, hii ni nafasi Mungu amekupa." Nilijaribiwa, sitaki kuwadanganya. Tangi ingekuwa mbili. Nikapigia Kaluki. Simu ilikuwa inakatika katika, lakini hiyo moja niliisikia yote: "Mwambie aende. Tangi ya njaa ya watu itavuja. Uza bei ya jana."

Nani angenunua bei ya jana, na njia zimefungwa? Rispa. Rispa ni Mluhya wa Kawangware, alikuwa na kibanda ya githeri, ile mahindi ya koti na maharagwe, huko na mdomo ya kutosha mabanda tatu. Akanipigia: kanisani kwao watu wamejaa uwanjani wamekimbia nyumba zao, sufuria ziko, kuni ziko, waumini wamechanga, na hakuna chakula ya kununua. "Leta hiyo mahindi yako ya Kikamba," akasema. "Hata mimi nitaila, na unajua siipendi."

Tukapakia mkokoteni, Baba Achieng' akavuta, mimi nikasukuma. Rispa akatukuta njiani karibu na stendi ya Satellite, ati hawezi kungoja. Hapo ndio nikagundua vile tumekaa: Mjaluo, Mkamba, Mluhya, mkokoteni mmoja. Yaani yeyote angetusimamisha angepata wa kupiga.

Na tukasimamishwa. Mawe katikati ya barabara, tairi inaungua, vijana kama wanane hivi na panga. Wa upande gani sisemi, mama zao bado hununua kwangu.

"Oya! Simama hapo! Mnabeba nini?"

"Msosi," Rispa akasema.

"Ya nani?"

"Ya mwenye njaa. Kwani wewe umeshiba?"

"Mathe, usinijibu hivyo." Akachukua mfuko, akauinua kwa jua. Kivuli ikatokea. "Hii ni nini? Huyu ni nani?"

"Uliza mtu amesoma," nikasema. "Mimi nilifika darasa la pili."

Wakakusanyika. "Ah, huyo ni msee wetu!"

"Wetu wapi? Cheki hizo mashavu. Huyo ni yule mwizi wao."

"Buda, wetu ana mashavu pia."

"Lakini si ya kuiba!"

Mkubwa wao akachoka. Akakata mshono na panga, akageuza kitambaa. Ni mtu wao. Wakapiga mbinja, wakapigana mabega, mmoja akaniita shujaa. Akakata wa pili.

Wa pili alikuwa yule mwingine.

Nilisikia tairi ikiungua. Yule kijana akamwangalia Baba Achieng', akaangalia mimi, na panga ikapanda kidogo, hivi, kama mtu anapima kuni. Akilini nikamuona Kaluki kwa mto, ameshika kikombe. Nilijua tukifa hapo hakuna mtu atamwambia, atakaa akingoja tangi.

Mkono ukafanya ile kitu umezoea. Nikaokota punje moja kutoka kwa ule mfuko, nikaifuta kwa leso yangu, nikampelekea mpaka mdomoni, vile nafanyia mteja.

"Uma."

"Nini?"

"Uma, mwanangu. Kwangu hakuna mtu ananunua kama hajauma."

Sijui kwa nini alifungua mdomo. Labda ni vile mtu ameambiwa na mtu wa umri wa shosho yake. Akauma. *Ka!* Ililia wote wakasikia.

"Imekauka sawa," nikasema. "Hiyo ilitwangwa na mama ana mgongo umekunjika hivi. Hajui wewe ni wa nani. Hao kwa kitambaa niliwafungia ndani ndio wanyamaze, na wewe umewatoa. Sasa warudishe."

Alikuwa anatafuna. Alikuwa bado anatafuna, punje kavu, moja.

Rispa akamuuliza, sauti chini, na huyo hajui sauti chini: "Kwenu mmepika lini?"

"Juzi," akasema. Halafu, "Juzi ya juzi."

"Haya. Inapikwa kanisani, si mbali. Lakini panga inabaki hapa. Huko tunashika kijiko."

Sitasema walibadilika wakawa malaika. Watatu walibaki na mawe yao na mmoja alinitukana mpaka kona. Lakini watano walikuja, na yule mkubwa alivuta mkokoteni, Baba Achieng' akisukuma nyuma, na mimi nikatembea kama bibi harusi. Saa kumi walikuwa wamekaa chini kwa uwanja wa kanisa, sahani moja watu watatu. Mmoja akauliza, "Shosho, sasa hii nakula ni ya yule nani?" Nikamwambia kwa sufuria hawana majina.

Tangi ilipatikana. Ndogo kuliko vile tuliota, kwa sababu kuna mifuko tulitoa bure na sijutii, na bei ilikuwa ya jana. Kaluki aliipiga kofi, ikalia, akasema, "Hii inafanya kazi kuliko mashini." Alichota maji ya kwanza akiwa amesimama. Amesimama vile angeweza. Baba Achieng' naye akawa fundi wetu wa mifuko, Mjaluo peke yake kwa mwethya ya Wakamba, na siku aliyokosa alileta kuku kama wengine.

Na wale wa semina? Wangekosaje! Amani iliporudi walikuja na kamera. Walikuwa wamesikia habari ya mifuko imegeuzwa. Yule kijana wa viatu za kuchongoka akaniuliza, "Mama, huu ubunifu wa amani ulianza vipi?"

"Ulianza kwa woga."

Akaandika. Nilimuomba mjukuu wangu Mumo anisomee, alikuwa darasa la nne. Ilisema: *ulianza kwa maono*. Wakanipa cheti. Nimekiweka juu, pale mabati ilikuwa inavuja, na sasa haivuji.

Kwa hivyo nyinyi, mkienda hiyo semina yenu, kunyweni soda, msikize, hata mimi nilipata kitu. Lakini kabla hamjauliza mfuko itakaa aje, ulizeni mahindi italia aje. Na msishonee mtu chakula kwa uso wa mtu mwingine.

Huyo Mumo sasa ni mtu mkubwa, ndiye anaendesha kikundi. Mwezi uliopita alikuja na karatasi inang'aa kutoka kwa kompyuta. Mifuko mpya. Na katikati, nani? Mimi! Nimefunga kitambaa, natabasamu kama naomba kura.

"Shosho, ni brandi, alama yetu ya biashara. Watu wanakupenda."

"Hata wale walikuwa wanapendwa."

"Lakini wewe si mwanasiasa."

"Mumo, nimeona uso unafanya nini ikiwa nje ya mfuko. Na nimeona vile inatulia ikiwa ndani."

Akaangalia ile karatasi, akaniangalia mimi, akaikunja mara nne. Akachukua punje kwa ungo, akauma, ikalia.

"Sawa, Shosho. Nakuahidi," akasema. "Kwa mfuko itakuwa mahindi tu. Na siku nikikosa adabu nikakuweka, nitakushona ndani nje."